Maganda ya Ng'ombe wa Bibi Velediana

Jumatano. Mvua imeanza asubuhi na haina mpango wa kuacha. Benaco yote ni tope, malori yamejipanga kuelekea mpakani Rusumo, na leo hata pancha zimegoma. Nimeshinda chumbani.

Mimi si mtu wa kukaa ndani. Nimeendesha lori kutoka kwetu Mombasa hadi Lubumbashi, nimekula samaki Bujumbura, nimebishana na askari wa forodha wa kila mpaka na wote nikawashinda kwa mdomo. Shule niliacha darasa la sita, lakini pasipoti yangu imesoma. Kisha tajiri akaliuza lori hapa hapa Benaco, nikabaki kuziba matairi ya wenzangu.

Wao wanarudi nyumbani.

Ugenini nimekuwa mtu wa mazingira, nani angeamini. Kwetu takataka tulikuwa tunachoma tu. Nilipohamia chumba hiki nilifagia majani yote ya migomba pale nyuma, nikayatia kiberiti, najiona mstaarabu. Jirani yangu Bibi Velediana akaja mbio na jembe mkononi. "Wee Mkenya, unachoma chakula cha migomba?" Nikauzima moto kwa maji yangu ya kuoga.

Tangu siku hiyo sichomi kitu. Sokoni naenda na kikapu changu. Maji ya kuoshea vyombo namwagia migomba. Maganda ya ndizi natia kwenye ndoo, jioni nampelekea ng'ombe wa Bibi. Madereva wakipita nawahubiria kama waziri.

Lakini hapa tuseme ukweli.

Mtu mmoja hali ndizi za kujaza ndoo. Kwa hiyo namenya nyingi, napika sufuria nzima, nawagawia madereva. Wanasema nina roho nzuri. Ninayo, sikatai, ila ninachotaka ni maganda. Wenzangu wanaopenda mazingira wanapunguza taka, mimi naziongeza ili nipate pa kuzipeleka.

Ndoo ikijaa nina sababu ya kufika. Nasema shikamoo, anaitikia marahaba, ananivutia kigoda, ananiuliza mama yangu huko Mombasa ameshindaje. Kutwa nzima hakuna mwingine anayeniuliza hilo.

Leo jioni nimefika nimelowa, ndoo kichwani. Zizi liko wazi, ndani hamna kitu.

"Ng'ombe amekwenda Bisibo kwa binti yangu," Bibi akasema. "Binti amejifungua, anahitaji maziwa. Na mimi kukata majani kumeshanishinda, baba."

Nikasema ni vizuri sana. Nikaongeza utani, kwamba sasa nimeachika, maana hapa Ngara ng'ombe yule ndiye pekee aliyekuwa ananipenda. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniambia nimwage maganda kwenye migomba, naye akaingia ndani kuikimbia mvua.

Hakusema karibu kesho. Hakusema pia nisije.

Nimerudi. Ndizi nilizonunua jana ziko hapo kwenye kona, tunatazamana. Nyuma ya chumba changu kuna migomba, inakula maganda kama ya kwake. Sasa nizimenye, nibebe ndoo mpaka kwa Bibi nikamwambie migomba yake ina njaa? Au nipige hodi mikono mitupu, niseme nimekuja kusalimia tu?

Mtu mzima mimi, ndevu zina mvi, nakaa hapa najifunza kuitamka kwa sauti: Bibi, nimekuja kusalimia tu.