Muvyala, Uliniwekea Saa ya Kinshasa

Ilunga, kichwa nguvu, muvyala wangu mubaya,

Usisimame. Bakia vile uko na usikilize, juu leo njo siku yangu ya kukutukana muzuri, na hakuna muntu atanifunga kinywa.

Ku mazishi yako nilinyamaza. Baba yako na mama yangu ni tumbo moja, na kwetu muvyala njo anakuja ku kilio na kinywa kichafu: anamutukana mufu mbele ya sanduku, bantu banacheka kidogo, banapata nguvu ya kulia tena. Bantu bakaningoja. Nikasimama pale na kitenge mu meno, sawa mutoto wa masomo amesahau somo yake. Bamama ba kule base ya basoda, bale ulikuwa unabatengenezea baradio, bakaanza kunong'ona: huyu haiko muvyala, huyu ni mujane. Mujane! Wa weye? Na ile miguu yako ya kunuka? Heri niolewe na cherehani yangu.

Nianze na kufa kwako, juu njo upumbavu wako mukubwa kupita yote.

Miaka mitatu ulinishika na ile kaye yako, daftari ya sukari yangu. Kila siku saa sita ya muchana unaingia bila kupiga hodi: "Mama Sukari, umepima?" Nikisema nitapima kisha, unaikala ku kiti ya pembeni ya mama, unanyoosha miguu, hauondoki mpaka nitoboe kidole. Unaandika nambari na biki nyekundu sawa mwalimu. Ikiwa mubaya unatikisa kichwa, sawa vile miye njo niliiba sukari ya parokia. Kisha homa ikakushika weye. Siku ya kwanza ukasema ni jua. Siku ya pili ukasema ni kuchoka. Siku ya tatu nikakuambia wende bakupime damu ku dispansere nyuma ya soko, tone moja tu paka, ukacheka. Ukasema malaria ya Kamina inakujua, munaheshimiana. Siku ya tano tukakubeba ku baiskeli, kichwa yako inaanguka huku na huku, na haukujua tena jina yangu.

Tone moja, Ilunga! Miye nilitoboa bidole yangu yote kumi mpaka ikakuwa ngumu, juu weye ulisema. Na weye ukakataa mara moja? Ninakuzarau. Ninakuzarau mpaka bukari, ugali yetu, inanishinda kumeza.

Na ukaniacha katikati ya kazi. Fundi gani anakufa katikati ya kazi?

Unakumbuka siku nilianguka ku cherehani. Sukari ilishuka bila kuniambia kintu. Weye njo ulinikuta uso juu ya kitambaa, sindano ya mashini imepita mu kidole, kitenge ya muteja imejaa damu. Mama alikuwa pale pale anachagua maharagi. Macho yake imekufa, akafikiri nimelala kidogo juu ya joto. Toka siku ile wazimu yako ikaanza. Ukamuandikia ule padri muzee alirudia kwabo Ubelgiji, na kisha miezi mingi sanduku ikafika: pompe ya insulini ya zamani, ya mugonjwa fulani wa kule alipata ingine mupya, bintu bya kubandika ku mukono bya kusoma sukari, na kaordinatere, kompyuta kadogo sawa kipande ya sabuni. Nikauliza, hii yote ni ya nini? Ukaninyooshea kidole. Ile ya ku mukono inasoma sukari kila dakika tano. Kaordinatere kanafanya hesabu. Kisha kanaiambia pompe ku njia ya redio: ongeza, ao punguza, ao simama. "Ni sawa vile miye niko mu mufuko yako ninakuangalia," ukasema, "lakini sikuli bukari yako."

Nikacheka. Weye, ulikuwa unatengeneza redio na waya ya kufungia kuku!

Lakini ukafanya. Pale ku atelie yako ya ufundi karibu na mulango ya base, na panno ya jua ku mabati na diksionere ya Kizungu imeliwa na panya, ukasoma maneno hakuna muntu alikulazimisha kusoma. Mara tatu uliandika ile kareti ya memwari, mara tatu courant ya umeme ikakufa mbele imalize. Ukatukana jua, ukatukana batiri, ukanitukana miye nilikuwa nimeikala kimya. Nilishona kafuko ka pompe na kitenge ya njano ya ndege, ile ilibakia ku kanzu ya mama. Ukasema kafuko ni ka bamama. Ukakavaa weye mwenyewe juma muzima, eti unakajaribu.

Kisha ukakufa, na bintu byako bikagawanywa.

Mujomba Mukalay, unamujua. Tangu bamufukuze ku kazi ya reli iko anajiita mukubwa wa jamaa, na jamaa yote inamuacha, juu kumukataza kunachokesha. Akaingia mu atelie yako na mikono nyuma sawa Mubelgiji anakagua shamba. Kaordinatere akakatupa mu kopo ya misumari. Akasema ni batiri imekufa. Nikakaokota. Lakini pompe ikamupendeza. Unajua alifikiri ni nini? Bip! Ile ya kuitia bakubwa ba zamani, mbele ya simu ya mukono! Siku ya mungu akaingia mu misa, akaikala banki ya mbele, pompe yangu ku mukaba, mu kafuko kangu ka ndege, na kila mara anaifinya na anaiangalia sawa gavana iko anamutafuta. Mungu alisaidia, haikuwa na dawa ndani. Padri anainua ostia, mujomba anafinya bip.

Nikaenda kwake na heshima. Nikapiga magoti. Nikamuambia, mujomba, ile ni dawa yangu, Ilunga alikuwa anaitengeneza juu nisikufe, sasa hakuna muntu wa kuingia saa sita kuniangalia. Akanijibu kintu imegawanywa imegawanywa, kuirudisha lazima kuita jamaa yote mpaka ile inaikala Mulongo, na mbuzi juu yake. Tena akauliza, mwanamuke na bip, anangoja simu ya nani? Nilirudi ku nyumba, nikapima: sukari ilikuwa muzuri, ni hasira tu.

Ikabakia njia moja, na unaijua. Siku ya kumaliza kilio, muvyala iko na haki ya kunyanganya kintu moja ya mufu ku mukono ya muntu yeyote, na hakuna wa kukasirika. Lakini ni paka tu akiwa anatukana na bantu banacheka. Akitoa chozi, haki imekufa pale pale. Na miye, Ilunga, toka ufe sikuweza kutamuka jina yako bila kulia.

Nikafika na makasi yangu ya kushona chini ya kitenge. Nikaona mujomba mu kiti ya mukono, bip ku mukaba. Nikasimama katikati ya kiwanja, nikaanza.

Nikasema: munalilia fundi gani? Redio ya bibi wa kapiteni iliingia kwake inaongea Kiswahili, ikatoka inakohoa! Bamama ba base bakapiga makofi. Nikasema: alitengeneza simu ya katekista, sasa katekista anaita mugonjwa, mugonjwa anasikia habari ya michezo! Mama yangu mwenyewe akacheka, ule hachekake. Nikasema juu ya miguu yako, sirudie, uko unajua. Nikatembea polepole kuelekea kwa mujomba. Na pale ikanipungukia. Nikaangalia kafuko ka njano, nikakuona weye umekavaa mu atelie, na machozi ikapanda mpaka hapa. Nikajua nikifunga kinywa nimekufa. Nikatupa ile ilikuwa karibu: nikasema, na bibi yake wa ndoa alimukimbia na fundi wa treni, juu treni ya Kamina inachelewa lakini inafika, na huyu hajafika popote!

Bantu bakaanguka kwa kucheka. Nikaingiza makasi, nikakata mukaba yote. Mujomba Mukalay akabakia anashika suruali na mikono mbili, mukubwa wa jamaa, anatafuta uso ya kuvaa. Pompe ilikuwa mu mukono yangu. Nikatoka mbio, na ku njia njo nililia, nikalia mpaka bantu ba soko bakauliza nani amekufa tena.

Ile neno ya bibi yako, nitarudia pale. Ngojako.

Ku nyumba nikafungua kaye yako na nikafuata kila mustari. Miye sijui ordinatere, najua kushona. Nikafanya sawa ninasoma modeli ya kanzu, kipande ku kipande. Kaordinatere kakaamuka. Kakaona pompe, kakasoma sukari, nambari ikatokea ku simu yangu. Nikapiga kelele, mama akaangusha kikombe. Lakini kuamuru pompe, kakakataa. Siku tatu. Juma moja. Majuma mbili. Kanaona yote na hakafanyi kintu, sawa mujomba. Na miye nikaendelea na sindano ya dawa, na siku moja nikaanguka tena, ku mulango, chai ikanimwangikia ku miguu.

Kisha asubuhi moja kengele ya masomo ikapiga saa ine. Pompe ikasema saa ine. Nikaangalia kaordinatere: saa tatu. Saa tatu! Njo ile. Kalikuwa kanaona pompe iko ku saa ingine, kanaogopa kuniua, kanaikala kimya. Kako na akili kukupita. Nikatafuta ile mustari ya saa mu kaye, na biki yako nyekundu: Kinshasa.

Nikakutukana pale na sauti yote, mama ni shahidi. Weye, mwana wa Kamina! Kinshasa ulifika lini? Safari yako ya mbali ni Kabondo-Dianda, na ulirudi na tumbo ya kuhara! Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu, mutoto wa masomo anajua, na weye unatengeneza radio ya basoda banaongea na Kinshasa kila siku!

Nikafungua ile liste ya miji juu nirekebishe. Kinshasa. Nikashuka mistari tano paka, na nikaikuta: Lubumbashi.

Pale njo nikaikala chini.

Juu miaka sita sikukusikia ukitamuka ile jina. Toka bibi yako akimbilie ule muji, ulikuwa unasema "kule". Treni ya kule. Bei ya kule. Redio ikitaja Lubumbashi, unazungusha kifungo. Miye nilifikiri ni mazoea. Kumbe uliona ile jina mu liste, ukaona saa yake njo yetu, na kidole yako ikakataa kuigusa. Ukapanda mistari tano, ukafinya Kinshasa, ukajiambia utarekebisha kisha. Ulikuwa tayari kuniua juu ya bibi ya fundi wa treni! Mupumbavu weye, mupumbavu wa kweli! Ulimupenda vile na haukumuambia muntu. Na miye, ile kidonda njo nilichukua mbele ya bantu bote, nikabachekesha nayo, juu ya pompe. Sikujua, Ilunga. Unisamehe ile moja. Matusi ingine yote inabakia.

Nikafinya Lubumbashi. Pompe ikatetemeka kidogo ku tumbo, na kazi ikaanza.

Sasa niko na kafuko ka ndege ku kiuno. Mujomba anatembea na kamba ya katani ku suruali na haniangalie. Insulini ingine iko mu nyungu ya mucanga na maji juu ibakie baridi, vile ulinionyesha. Na jana, karibu saa sita, nilikuwa ninashona sare ya masomo, mikono inakimbia, sikusikia kintu. Pompe ikalia, ka sauti kadogo. Nikaangalia: sukari ilikuwa inashuka, na ile kintu yako ilikuwa imekwisha kusimamisha dawa mbele miye nijue. Nikala ndizi. Nikaendelea kushona.

Mama akainua kichwa ku maharagi yake. Akauliza, "Ni saa sita? Ni Ilunga amefika?"

Nikakata uzi.

Akasogea kidogo, akasema, "Mupatie kiti."

Nikaleta kile kiti, Ilunga. Nikakiweka pembeni yake, pahali yako. Siku yote hakuna muntu alikiondosha.

Basi, lala, muvyala. Nyoosha ile miguu. Nitakuja ku kaburi kila musimu ya kupanda, na kinywa kichafu, sitanyamaza tena mbele yako. Na ninakuapia neno moja: siku homa itanigusa, sitasema ni jua, sitasema ni kuchoka. Nitaenda ku dispansere siku ile ile. Nitabaambia batoboe mara mbili, tone moja ya miye, na ile ingine weye ulikataa.

Muvyala wako,
Numbi