Njia Mbili, Kadi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mchoro umepita! Mkuu wa kitengo kausaini asubuhi bila hata kukaa. Jumamosi hospitali nzima inahamia kwenye seva zetu tatu mpya — maabara, dawa, wodi zote. Kila mfumo utakaa ndani ya seva kama mpangaji chumbani mwake. Ila seva zenyewe hazitunzi kitu. Data yote iko kwenye kabati moja la hifadhi, chumba cha pili, na zinaifuata kwa waya. Tatu zinakula sufuria moja. Waya ukikatika, mifumo yote inabaki kukodoa macho. Ndiyo maana kila seva nimeipa njia mbili za kwenda hifadhini, mbali na njia za shughuli za kawaida. Moja ikifa, nyingine ipo.

Najisifu kidogo. Nani atasoma?

Jumanne, 4 Machi

Tumebandika lebo na fundi wa nyaya, yule tunayemwita Koleo. Mtu mzima, anakaribia kustaafu, miwani kaifunga kwa uzi. Kachuchumaa nyuma ya seva ya kwanza mpaka nikadhani mgongo umemkamata. Kisha:

"Injinia, hizi mbili si zinatoka kwenye kadi moja? Kadi yenyewe ikifa je?"

Nikainama kuangalia.

Nilihesabu matundu ya waya. Sikuhesabu kadi. Kila seva ina kadi mbili za mtandao, kila kadi matundu mawili — na mimi njia zote mbili za hifadhi nimezichomeka kwenye kadi ya kwanza, za kawaida kwenye ya pili. Kwenye karatasi inapendeza. Njia mbili, mlango mmoja.

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akanitazama kwa juu ya miwani, akarudi kwenye lebo zake. Nimemdanganya mtu mzima mchana kweupe.

Jumatano, 5 Machi

Sahani nimeirudisha jikoni na chakula chake. Mume wangu kauliza, nikasema kichwa.

Kadi haifi hivihivi. Ni mpya. Itakufa lini? — Nimejiambia hivyo kutwa nzima. Na kila nikijiambia naona mchoro, na jina langu pale chini kwenye kona.

Jioni wifi kapita akitoka zamu. Ni muuguzi wa watoto njiti. (Koleo hunitania: una wifi nyumbani, kazini unahangaika na waya wa nini?) Akasimulia siku ile mwaka jana mfumo ulipokata dakika arobaini. Dawa wakawa wanaziandika kwenye maboksi ya glovu. Kipimo kimoja kikasomwa vibaya. Walikidaka sindano iko tayari mkononi.

"Afadhali safari hii uko wewe, wifi," akasema.

Nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesema!

Kwanza kwa Koleo. Nikamwomba radhi. Akasema alijua tangu juzi, alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Halafu nikaingia kwa Mkuu. Nikamweleza: tuchanganye, kila kadi ibebe waya mmoja wa hifadhi na mmoja wa kawaida. Seva zote tatu zifunguliwe na zipangwe upya. Akavua saa, akaiweka mezani. Dalili mbaya hiyo.

"Nimeshamwambia mkurugenzi wa hospitali tuko tayari."

"Hatuko tayari, bosi."

"Tutarekebisha baadaye."

"Baadaye lini? Wagonjwa wakishakuwa ndani?"

"Mchoro si wako?"

Wangu. Nikasema wangu. Akaniambia basi niandike barua, niweke jina, aipeleke juu. Nimeandika sentensi tatu tu. Kosa ni langu. Dawa yake ni hii. Naomba siku moja. Nikaichapa upya mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya mpaka saa nne asubuhi. Kisha ruhusa — lakini Jumamosi iko palepale. Kutwa nzima sakafuni na Koleo. Seva ya kwanza tayari. Ya pili tayari. Ya tatu tumeimaliza saa kumi na moja, hatukuijaribu, jengo letu linafungwa. Magoti yananiuma. Mkuu mwenyewe kaniletea maji.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika nimesimama mlangoni pa chumba cha seva, karatasi nimeegemeza ukutani.

Tumejaribu kabla ya kuhamisha wodi yoyote. Nachomoa waya mmoja wa hifadhi, tunaangalia kama mfumo wa majaribio utahamia njia ya pili. Seva ya kwanza: haikupepesa hata jicho. Ya pili: hivyohivyo. Koleo akapiga makofi mara moja.

Ya tatu — nikachomoa, kila kitu kikaganda. Sekunde ishirini na saba. Kisha kikarudi chenyewe kama vile hakuna lililotokea. Nikarudia. Ishirini na saba tena! Sijui kwa nini. Sijui!

Mkuu anasema imerudi, si imerudi? Sekunde ishirini na saba ni nini. Mkurugenzi yuko ofisini kwake anasubiri kuambiwa kazi imekwisha.

Na kwenye seva ya tatu ndiko inakokwenda wodi ya njiti.

Wifi kapiga simu kutoka wodini. Watoto kumi na mmoja. Mfumo wa zamani anaweza kuufunga sasa hivi, anachotaka ni neno moja tu. "Tuhame, wifi, au tusubiri?" Nikamwambia nipe dakika tano.

Hii ni ya nne. Koleo keshapiga magoti nyuma ya seva, anafuatilia waya kwa kidole. Simu inalia tena. Mkuu kanyoosha mkono, nimpe ajibu yeye.

Sijampa. Neno hilo nitalisema mimi.