Muhuri wa Saizi ya Dengu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Wara Limachi Poma. Umri: miaka 13. Kazi: mwanafunzi. Makazi: El Alto, Bolivia. Ameandamana na shangazi yake, Severina Limachi.

Leo, tarehe 24 Januari, saa sita mchana, nilikuwa na bibi yangu, Fortunata, katika soko la Alasita. Siku hii kila mtu hununua mfano mdogo wa kitu anachokitamani, padre akaubariki. Bibi alimnunulia shangazi barua ya ufadhili wa shahada ya udaktari, ndogo kama kiberiti. Mimi nilinunua begi la safari. Hilo halihusiani na shauri hili.

Saa nane tulimkuta shangazi ofisi ya ufadhili. Masomo yake Ubelgiji yanalipiwa nusu na serikali yetu, nusu na chuo cha huko. Barua yake ilitakiwa kupigwa muhuri kabla ya saa kumi na mbili leo, la sivyo nafasi inapotea. Karani, Bwana Wenceslao Urquidi, alisema, "Wabelgiji wapige kwanza." Shangazi akasema, "Nao wameandika, Bolivia kwanza."

Bibi akauliza, "Harusi gani hii, bwana na bibi kila mmoja anamngoja mwenzake aseme ndiyo?"

Kisha akaweka barua yake ndogo mezani. "Hii ina mihuri yote miwili. Muuzaji hakumngoja mtu."

Karani aliitazama kwa miwani, kisha bila miwani. "Mama, huku ni kughushi muhuri wa serikali!"

"Mwanangu, muhuri wenyewe kama dengu!"

Karani akaita polisi, wakatuleta sote kituoni. Shangazi alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Hapa kituoni, saa tisa na nusu, karani alipotoa kitambulisho, kikaratasi kilidondoka kutoka kwenye pochi yake. Nilikiokota. Kilikuwa hati ndogo ya kumteua yeye kuwa Mkurugenzi Mkuu, yenye muhuri uleule wa saizi ya dengu. Nilimrudishia kwa mikono miwili, nikasema, "Shikamoo, umeangusha ukurugenzi wako."

Sikukusudia kumchekesha askari yeyote.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, ni sahihi. Naomba kuwe na haraka kidogo.

(Sahihi) Wara Limachi P.

Maelezo ya afisa: Mlalamikaji ameondoa shauri kabla sijaweka kalamu chini. Muhuri halisi, alioleta kwa kulinganisha, ameupiga kwenye barua ya Severina saa kumi na moja na dakika ishirini, mezani kwangu. Bibi Fortunata amekataa kuondoka mpaka wino ukauke.
Sajenti R. Ticona