Sitaki Mke Wangu Arudi Kabla Albamu Haijaisha

Mpendwa Mama Odessa, naomba unisaidie maana hata usingizi sipati. Mimi ni mwimbaji wa bendi ya roki hapa Memphis, na sasa bendi ikiwa mapumzikoni mimi na wenzangu wawili tumeanzisha kikundi cha pembeni cha kurekodi albamu ya nyimbo za zamani za bluzi, zile za huzuni, lakini mwanzoni kila nikiimba Rusty, mpiga gitaa wetu, anasimamisha mashine ananiambia, "Kaka, unaimba kama mtu aliyeshiba," halafu ikatokea nikagombana na mke wangu Corinne kwa sababu nilisahau kwenda kumchukua mama yake hospitalini, akafungasha akaenda kwa dada yake mjini Little Rock, na kesho yake nikaimba mpaka Rusty akatokwa na machozi. Sasa Corinne anapiga simu kila siku anataka tuyamalize, nami sipokei, kwa sababu Rusty anasema, "Ukirudiana naye sasa umetuua, tumebakiza nyimbo chache tu!" na juzi Corinne aliacha ujumbe wa sauti akilia, tukauweka mwanzoni mwa wimbo mmoja, ukapendeza sana. Nampenda mke wangu, Mama, ila albamu hii ni ndoto yangu. Je, nimwambie habari ya hiyo sauti sasa, au nisubiri albamu itoke?

Dwight, Memphis

Dwight,

Nimeisoma barua yako, nikaenda kunywa maji, nikarudi, bado ni ile ile. Yaani mkeo analia kwenye simu, wewe unasikiliza kama inapendeza! Huna haya hata kidogo?

Pole kwa ugomvi. Kumsahau mama mkwe hospitalini ni kosa, ila linasameheka. Haya mengine umeyafanya kwa macho makavu.

Marehemu mume wangu alipiga gitaa la besi kwenye vilabu vya mji huu mpaka vidole vikapinda. Tukigombana mchana, jioni hapandi jukwaani kabla hajanipigia kwa simu ya ukutani pale baa, na wenzake wakimtania, "Harlan, maliza kubembeleza, watu wamejaa!" Watu wa namna hiyo ndio wenye nyimbo unazozirudia. Huzuni iliwafuata yenyewe, nao waliimba ili iwatoke. Wewe na huyo Rusty wako mnaifuga kama kuku wa mayai. Eti bluzi! Kama huwezi kuimba mpaka mkeo alie, basi kuimba huwezi, na hilo, albamu haitalificha.

Sasa nisikilize. Leo hii nenda studio ukaifute sauti ya Corinne, usimame hapo mpaka ifutike kila mahali. Rusty akinuna, mwache anune. Kisha panda gari uende Little Rock, umwambie yote kwa mdomo wako, hata hilo la kuitia sauti yake kwenye wimbo, na umwombe radhi mama yake pia. Akikufungia mlango, lia hapo hapo nje, asikie yeye. Usikimbie na machozi hayo studio.

Mama Odessa