Mililita Mia Saba

3 Februari

Baba, shikamoo.

Meneja wa wafanyakazi ametangaza jana asubuhi, tukiwa tumejipanga kwa zamu: kila aliyetimiza miaka kumi hotelini anapewa malazi ya usiku mbili kwa watu wanne wa familia yake, kila kitu ndani. Mimi nilitimiza kumi mwezi uliopita. Jina langu liko ubaoni, la tatu kutoka juu.

Habari za afya? Miguu ya Mama inaendeleaje? Mdogo wangu Msusi bado anasuka vichwa vya watu barazani kwetu, au amepata chumba chake? Mimi sijambo, ila mikono imechubuka. Wametuletea sabuni mpya ya kufulia, kali kweli.

Najua utauliza "kila kitu ndani" maana yake nini. Ukifika mapokezi unavishwa mkanda wa plastiki mkononi, wa buluu. Ukiwa nao unakula asubuhi, mchana na jioni, unakunywa kutwa, na hakuna anayekuletea risiti. Ukitaka kurudi mezani mara ya tano unarudi, wanakutabasamia vilevile. Miaka kumi nafua vitambaa vya meza hizo na sijawahi kukaa kwenye hata moja.

Watu wanne ni wewe, Mama, Msusi na mimi. Nitaomba likizo, kwa sababu mfanyakazi aliye zamu haruhusiwi kuvuka upande wa wageni. Ukiacha misiba, sisi wanne hatujawahi kusafiri pamoja. Nataka safari hii ifanyike, na unajua kwa nini naharakisha. Ofa inaisha mwisho wa Aprili.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu husikii, na kila usichokisikia unakijibu "ndiyo, sawa".

Mwanao wa kwanza


14 Februari

Mwanangu, marahaba.

Daktari wa figo amesema Jumatano iliyopita kwamba figo zangu zote mbili zimekwisha na hazirudi. Mashine ya kusafisha damu ndiyo figo yangu mpaka mwisho. Nikamwuliza mwisho wenyewe ni lini. Akaangalia saa yake ya mkononi. Nadhani alikuwa na haraka tu.

Huku tunaendelea. Miguu ya Mama yako inavimba jioni na kupungua asubuhi. Msusi hajapata chumba, wateja wake bado wanakalia kiti changu.

Ratiba yangu ni hii: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kitanda cha nne, kwa muda wa saa nne kila mara. Maji niliyoruhusiwa ni mililita mia saba kwa siku, chai na mchuzi vikiwemo. Nimechukua chupa nikaikwangua mistari kwa msumari, kila mstari mililita hamsini. Asubuhi naijaza, na ikiisha imeisha. Sista mkuu wa wodi aliiona akasema hajapata mgonjwa wa namna yangu. Nikamwambia nilisoma mita za maji za watu miaka thelathini na mmoja, nikafukuzwa na mbwa kumi na saba, na sijawahi kukosea tarakimu.

Walinipa pia karatasi ya vyakula, mistari mingi. Nimesoma ya maji na ya chumvi. Mingine ile ni ya watu wenye friji.

Kwa hiyo unanialika mahali ambapo watu wanakunywa kutwa, nami nina glasi tatu. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nitakuja. Bahari sijaiona. Maisha yangu yote maji niliyoyajua yalipita kwenye bomba na yakahesabiwa. Nataka kuona yasiyo na mita.

Panga hivi: tutoke Ijumaa baada ya mashine, turudi Jumapili. Jumatatu niko kitandani kwangu.

Baba yako


2 Machi

Baba, shikamoo.

Ofisi ya vyumba imejibu leo: mwisho wa wiki ni wa wageni wanaolipa. Familia za wafanyakazi zinapokewa Jumanne na kuondoka Alhamisi, basi. Nafasi iliyobaki ni moja, ya tarehe 21 hadi 23 Aprili. Nimeomba mara mbili. Yule dada wa ofisi ni rafiki yangu, tunakula pamoja, lakini kompyuta yake haina urafiki.

Maana yake Jumatano 22 ungekosa mashine. Mwulize sista mkuu kama wanaweza kukuhamishia siku. Akisema hapana, tunaacha, na sitaki ubishi. Nitakuja nyumbani mwezi wa sita tukae barazani na wateja wa Msusi. Bahari itakuwepo.

Mama asinunue viatu vipya. Kule mchangani watu wanatembea peku, hata wenye pesa.

Mwanao wa kwanza


15 Machi

Mwanangu, marahaba. Sote wazima, kikohozi cha Mama yako kimekwisha.

Sista mkuu amekubali. Jumatano 22 imehamishiwa Alhamisi 23, saa kumi na moja jioni. Nikishuka kwenye basi naingia wodini moja kwa moja. Kitanda ni kilekile, cha nne. Ameandika mbele yangu kwa kalamu nyekundu.

Kwa siku hizo tatu nitashuka kutoka mia saba hadi mia tatu, kwa usalama zaidi. Nimeshajaribu wiki hii na imewezekana. Kinywa kinakauka, lakini kinywa hakijaua mtu.

Mama yako ameshanunua viatu. Barua yako ilichelewa.

Baba yako


9 Aprili

Baba, shikamoo. Nawaombea afya hadi siku ya safari.

Msimamizi wa dobi amenirudishia fomu ya likizo leo mchana. Imekataliwa. Wiki hiyohiyo kuna mkutano wa watu wa bima, mia tatu na zaidi, na hakuna kuondoka mtu. Nilimwambia ni siku mbili tu, na baba yangu ni mgonjwa. Akasema, "Si anakuja huku huku? Utamwona." Nilimwambia sitamwona, nitakuwa nyuma ya uzio. Akasema yeye hakuweka uzio.

Njooni hivyohivyo. Tikiti za basi nimeshakata, na pengine sitapewa tena mpaka miaka kumi mingine.

Simu zetu zinafungiwa kabatini saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo tufanye hivi. Kabatini mwa chumba mtakuta mfuko wa kitambaa wa nguo chafu. Kila asubuhi weka nguo moja na barua yako chini yake, utundike mfuko mlangoni. Saa tatu unakusanywa unaletwa kwetu, na jioni nguo inarudi. Nimemwomba mwenzangu aniachie chumba chenu, mtakaa 118. Nitajibu kwa njia hiyohiyo.

Angalia chumvi, supu yao ni ya chumvi. Na maji, Baba. Kila ukigeuka mtu atakupa glasi.

Mwanao wa kwanza


Chumba 118, Jumanne 21 Aprili

Mwanangu, habari za kazi.

Tumefika saa sita na robo. Naandika saa nane. Mhudumu ameniambia mfuko ukikosa mkusanyo wa asubuhi unapelekwa kwa mkono, nikamwomba aupeleke.

Nimeiona. Nilisimama pale ngazi zinapoishia. Mama yako akaniuliza, "Unaonaje?" Nikamwambia haisomeki. Akasema hata huku nazungumza kazi.

Mkanda nimevishwa. Mama yako ameufunika wake kwa mkono wa gauni, ana wasiwasi kwamba kuna mtu atakuja kusema tumekosea. Amekula ukingoni mwa kiti kama yuko ofisi ya mtu. Msusi hana wasiwasi wowote. Amekwenda mezani mara nne na ameshapata kichwa cha kusuka, mgeni wa chumba jirani.

Maji mpaka sasa ni mililita mia moja na hamsini. Glasi nimekataa sita.

Nguo niliyoweka ni koti langu la kazi. Kesho jioni tunakula ukumbini na nataka liwe limenyooka. Kiti cha nne mezani tumeweka mkoba wa Mama yako.

Baba yako


Dobi, Jumanne jioni

Baba, shikamoo. Nimesoma nikicheka, wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Koti nalibakiza mpaka kesho. Kola yake inahitaji kulowekwa.

Nimekuona. Dirisha letu la juu linaona kipande cha ufukwe, na kofia yako naijua. Ulisimama muda mrefu, mtu wa taulo akakuletea kiti, ukakikataa nacho.

Kesho saa saba ninapumzika nusu saa. Fuata njia ya nyuma ya bwawa la kuogelea mpaka mwisho, utaona uzio wa waya na kamba za mashuka. Nitakuwa hapo. Tunaruhusiwa kusimama upande wetu. Kumbuka: vitambaa vya mkutano vinatangulia, kwa hiyo mfuko wako wa asubuhi huenda nikaufungua kwa kuchelewa.

Mwanao wa kwanza


Chumba 118, Jumatano 22 Aprili, saa mbili asubuhi

Mwanangu, habari za asubuhi.

Sista mkuu hakukubali. Alisema siku haihamishiki, vitanda vimejaa, na nisithubutu. Kalamu nyekundu niliitunga mimi. Mama yako na Msusi hawajui, nao niliwaambia vilevile nilivyokuandikia. Mashine yangu ni Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kitanda cha nne. Nakuambia leo kwa sababu leo huwezi kunirudisha. Ukitaka kugomba, gombea kwenye uzio.

Nilipiga hesabu kabla ya kuamua. Shida ya kukosa mashine ni maji kujaa mwilini, ndivyo walivyonifundisha. Asipoingiza maji mtu, hakuna cha kujaa. Jana nzima nimekunywa mia tatu kamili. Mama yako ni shahidi, chupa anaishika yeye.

Kiu nimeiweza. Kuna meza nzima ya matunda, yamekatwa na kupangwa, hakuna anayeyahesabu. Jana mchana na jioni nilikula matikiti sahani mbili, machungwa manne, maembe na ndizi. Leo asubuhi tena. Tunda halipiti kwenye glasi, na kinywa kinalainika. Sijala matunda kiasi hiki tangu nizaliwe. Nyumbani tikiti moja tunagawana na jirani.

Miguu imekuwa mizito kidogo tangu alfajiri na midomo inanichonyota. Moyo unaruka, unapiga, unakaa, unapiga, kama mita yenye hewa kwenye bomba. Ni kwa sababu ya kutembea mchangani, sijazoea.

Nilitaka tu tuwe sehemu moja wanne kabla sijawa wa kubebwa. Tumekuwa watatu na uzio. Inatosha.

Saa saba nakuja.

Baba yako


Alhamisi 23 Aprili

Baba, shikamoo.

Daktari wa zamu wa hospitali ya hapa ametupa taarifa leo saa tatu asubuhi, akiwa amekaa na Mama na Msusi, nami nimesimama: moyo wako ulisimama jana kati ya saa kumi na saa kumi na nusu, ukiwa umelala, chumba 118. Mama alidhani umesinzia. Sababu ni potasiamu. Ni madini yaliyo kwenye vyakula vingi, yamejaa kwenye matunda. Figo ndizo huyatoa, na zikifa huyatoa mashine. Yakizidi kwenye damu, moyo unasimama. Anasema kuruka kwa moyo na uzito wa miguu ndivyo yanavyoanza.

Nilimwuliza kuhusu maji. Akasema mapafu yako yalikuwa makavu. Hesabu yako ya maji ilikuwa sahihi.

Mfuko wako ulifika mezani kwangu saa tatu na nusu. Vitambaa vya mkutano vilikuwa mia mbili na arobaini. Niliufungua saa kumi na dakika arobaini, nikasoma nusu, nikakimbia. Nilivuka upande wa wageni nikiwa na sare. Hakuna aliyenizuia.

Saa saba ulikuja kama ulivyosema. Ukaniuliza, "Umesoma?" Nikasema bado. Ukasema, "Basi utasoma." Mfuko ulikuwa hatua ishirini nyuma yangu. Uliegemea nguzo, ukasema kinywa kimekauka. Nilikuwa na machungwa mawili ya chakula changu cha mchana. Nilikupitishia kwenye tundu la waya, moja moja. Ulikula yote mawili umesimama, ukasema ni matamu kuliko ya ukumbini, wale wanayakata mapema mno. Nimemwambia daktari hilo pia. Akasema mawili hayakubadilisha kitu. Lakini aliandika.

Karatasi ya vyakula Mama ameikuta ndani ya pochi yako, imekunjwa mara nne. Mstari wa tisa ni matunda. Umepigiwa mstari na wodi, si na wewe.

Mkanda wa mkononi haufunguki, lazima ukatwe. Muuguzi aliuliza kama aukate. Mama akasema auache. Wa kwangu uko mapokezi mpaka sasa, kwenye bahasha yenye namba ya chumba.

Koti limenyooka. Doa la kolani limetoka. Liko juu kabisa kwenye begi la Mama, na barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Sista mkuu nimempigia mwenyewe. Aliuliza chupa ile yenye mistari iko wapi. Kitanda cha nne kesho saa kumi na mbili asubuhi kina mtu mwingine.

Gari linaondoka na wewe leo saa nane mchana. Mama atakaa mbele, mimi na Msusi nyuma, pamoja nawe. Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Msimamizi wa dobi ameniletea fomu mwenyewe, ikiwa imeshagongwa muhuri: likizo ya siku nne, kuanzia kesho Ijumaa. Narudi zamu Jumanne tarehe 28, saa moja asubuhi.

Mwanao wa kwanza