Mstari wa Penseli Kutoka Dar Hadi Kigali

Baba Felista,

Ugali na mlenda nimevifunika. Vifaranga usiviache nje, kipanga anazunguka tangu asubuhi.

Shuka jeupe usilitafute, ninalo. Nimekwenda kulitandaza pale jabalini tunapoanika mtama.

Asubuhi mtoto alipiga simu kutuaga, ukanisukumia simu ukasema una kazi. Kisa anahamia Kigali bila kuja kwanza nyumbani kutuamkia. Haya. Lakini nilipotandika kitanda nimeikuta ramani yako chini ya godoro, na mstari wa penseli kutoka Dar hadi Kigali. Umeandika: kilomita elfu moja mia moja hamsini, ndege inaruka saa nane, safari saa moja na dakika arobaini. Katikati kabisa, juu ya Singida yetu, umetia nukta: saa nane na dakika hamsini.

Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo!

Najua hatatuona. Kwake shuka litakuwa kama punje ya chumvi. Mimi nitatazama juu tu, niwaze ameegemeza kichwa dirishani, anapita juu ya zizi letu.

~~Usinifuate.~~ Upepo wa kule unaujua. Shuka lina pembe nne, na mimi nina mikono miwili.

Mama Felista