Picha za Ukuta wa Bibi Feza

Kasongo, tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Faradji,

Asalam aleykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lubumbashi, na kwamba baridi ya mwezi huu haijamrudishia mke wako Chimène kile kikohozi chake. Sisi hapa tuko wazima. Mama anasumbuliwa na goti, lakini sokoni anaenda. Anasema wewe, mtoto wa mdogo wake, umemsahau.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia. Déo anashuka huko na mzigo wake wa mchele. Ndiye atakayekupa bahasha hii mkononi.

Unakumbuka tulivyoanza. Ule mchezo wa kompyuta wa kuendesha pikipiki unaruhusu watu kuongeza njia zao wenyewe, ukasema nasi tuongeze yetu: kutoka Kasongo hadi Wamaza, na mwisho wa safari dereva ashuke mbele ya nyumba ya bibi yetu, Bibi Feza. Wewe ulijenga njia. Mimi nilipiga picha za kuvisha kuta, mapaa na udongo, zile mnazoziita tekstire. Nilikaa Wamaza siku tatu, mwezi wa nane mwaka jana, Bibi akiwa ametoka kupaka ukuta wake kwa udongo mweupe na mwekundu. Nilisogea mpaka mistari ya vidole vyake ikaonekana mmoja mmoja.

Rezo ya simu yetu haiwezi kubeba picha nzito namna ile, kwa hiyo nilizitia kwenye kadi ya kumbukumbu nikakutumia. Simu yangu ilikuwa imejaa. Uliponiambia umeipokea kadi, nikazifuta, maana sasa ziko kwako.

Na tulikubaliana jambo moja. Tusipunguze picha yoyote kabla ya kuona mchezo unakwama wapi. Ukikwama, tupunguze zile za mbali, mbingu, miti ya pembeni, mapaa ambayo hakuna anayeyakaribia. Tena tupunguze nakala, za asili zikae kando. Ukuta wa Bibi uwe wa mwisho kabisa, maana pale ndipo mtu anasimama na kutazama. Ulisema, "Dada, umesema vizuri. Tutafanya hivyo."

Kisha Bibi akatutoka, mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa pili mvua ikaangusha nyumba. Hayo unayajua, ulilia pamoja nasi.

Mwezi wa tatu uliwatolea watu kazi yetu bila kunijulisha. Nilisikia kwa Pierre, yule mwenye duka la fotokopi karibu na soko. Tuliifungua kwenye kompyuta yake. Pikipiki ilikwenda laini kabisa. Lakini tulipofika Wamaza na kusogea ukutani, tuliona uji tu, mweupe na mwekundu umechanganyika. Nilikuwa nimemleta Mama aone. Alivaa miwani, akainama, akauliza, "Vidole vya mama iko wapi?"

Nilikupigia, ukaniambia umepunguza picha zote kwa mara moja kwa sababu watu walilalamika mchezo unakwama. Nikakuuliza unakwama wapi. Ukasema sokoni, penye watu wengi. Basi kwa nini ukuta, Faradji? Kutoka soko la Kasongo hadi Wamaza ni safari nzima. Hata hivyo nilikusamehe palepale, kwa kuwa uliniapia kwamba picha za asili ziko salama na utanirudishia kadi.

Kadi ilifika mwezi wa nne. Picha zilikuwa nzito vilevile, na majina ni yale niliyozipa mimi. Nilifurahi njia nzima hadi kwa Pierre. Akafungua ya kwanza, akaisogeza karibu. Kisha akasema polepole, "Mwamvita, hii picha ilikuwa ndogo. Mutu ameivuta ikuwe kubwa." Tukafungua ya pili, ya tatu, zote arobaini na moja. Ni uji uleule, ila sasa umetandazwa.

Kupunguza bila kupima ni kosa la mwenye haraka, ningeishi nalo. Kufuta za asili kwa kukosa nafasi, hata mimi lingeweza kunipata. Lakini wewe ulikaa kitako, ukachukua picha zilizokwisha kufa, ukazivuta moja baada ya nyingine, ukazirudishia majina yangu, ukijua hatuna tena ukuta wa kulinganisha. Kazi hiyo ilikuchukua siku ngapi? Katika siku hizo zote hukupata dakika moja ya kuniambia ukweli?

Nilipokuuliza, ulijibu, "Dada, ni ukuta tu." Tangu hapo sijapokea simu zako.

Nilipanda pikipiki hadi Wamaza nitafute chochote. Jirani yake Bibi, Mama Cécilia, alinionyesha kipande kilichobaki, kona ya nyuma, urefu wa mkono wangu. Nilikipiga picha pande zote. Sasa mimi na Pierre tunairekebisha ile kazi kwa picha mpya za njia na soko. Safari hii tulipima kwanza, tukapunguza picha za soko peke yake, na kompyuta yake dhaifu inaendesha njia yote bila kukwama. Kona ile tumeiacha nzima. Sehemu nyingine yote ya ukuta nimeiacha tupu, bila picha.

Mama hajui. Nilimwambia kadi iliharibika njiani. Uongo huo niliusema kwa ajili yako, na kila akiuliza habari zako naurudia. Sitauondoa mimi. Mwandikie kwa mkono wako mwenyewe, au njoo umketishe chini umwambie.

Nisalimie Chimène sana; yeye hana neno nami. Kaka Iliasi na dada Mado wanakusalimu. Mungu akuzungushie ulinzi wake huko ugenini, na akupe moyo wa kusema kweli.

Mimi dada yako, ninayekupenda, na nisiyekuamini,

Mwamvita